Makala ya Daktari na Pingu Zangu

Karani hodari wa taipu Nkubu nzima ni mimi, na aliyesema hivyo ni mimi. Juzi daktari wetu alinipa makala yake ya malaria niipige, iende kwa jarida la utafiti, na nakala moja abaki nayo. Nikapachika karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili, nikapiga kwa mbwembwe, nikafunga bahasha bila kutazama.

Njiani kwenda posta, na hii Hali ya Hatari ya serikali kuwasaka wapiganaji wa msituni, askari wakanipekua. Nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na maandishi ya kinyumenyume.

“Hii ni barua ya msituni!” Wakanitia pingu.

Daktari akaitwa. Akazigeuza karatasi, akanitazama.

“Afande, huyu aliweka kaboni juu chini, wino ukachapa nyuma ya ukurasa. Nakala yangu ni tupu.”

Sajini akacheka. “Mfungueni. Hata msituni hawawezi kumchukua huyu.”