Wanawake Wawili Waliokuja Kuuliza Habari za Baba

Enzi zetu pale Msangano, sauti nzuri peke yake haikumpa mtu uzee wa kanisa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi, kengele yake rimu la lori. Asubuhi mchakamchaka, jioni michezo ya rede na kombolela mpaka vumbi linakaa kwenye kope. Sabuni ilipoadimika tulifua kwa majani ya mpapai. Wajukuu zangu nikiwasimulia hayo, wanacheka na kuniuliza kama simu nazo tulizichaji kwa majani.

Mwaka mmoja mzee wa kanisa alifariki, na jina la baba likaanza kutajwa. Kwa mtu wa nje, baba alistahili. Alipoomba, watu walilia. Kwenye shamba la kijiji alifika wa kwanza. Lakini sisi tulimjua wa nyumbani. Akikohoa tu kule njiani, mawe ya kuchezea mdako tunayaficha chini ya mkeka, na mdogo wangu Yohana anakimbilia jikoni kwa mama. Hakuwa mlevi. Alikuwa na hasira, na mkono wake haukuchelewa.

Kanisa letu lilikuwa na desturi. Kabla ya kumchagua mtu, wanawake wawili watu wazima walitumwa nyumbani kwake, mwenyewe akiwa hayupo. Kwetu walikuja alasiri: Bibi Namwinga, mkunga wa kijiji, na Mama Namfukwe wa kwaya. Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua hata yaliyokwisha chambuliwa.

“Mama Ester,” Bibi Namwinga alimwambia mama, “tukimpa mumeo kundi la Bwana, atalichunga kama anavyowachunga ninyi. Anawachungaje?”

Nilimwomba Mungu mama aseme uongo, maana akisema kweli, jioni ile nani angetukinga?

“Tunamwogopa,” mama alisema taratibu. “Watoto wanamwogopa. Na mimi pia. Mngojeeni kwanza.”

Bibi Namwinga alimshika mkono. “Neno hilo sasa ni letu. Tutalibeba sisi.”

Jumapili mchungaji akasoma jina la mtu mwingine, mkulima mpole ambaye hata kuimba hakujua. Baba aliangalia mbele tu. Tulimfuata nyuma mpaka nyumbani. Bibi Namwinga na mwenzake nao wakatufuata, wakaingia uani na kuketi bila kukaribishwa.

“Mwanangu,” Bibi Namwinga akamwambia baba, “ulipozaliwa nilikupokea mimi. Ni sisi tuliosema usubiri. Ukiwa na neno, niambie mimi.”

Baba alisimama, taya zinamcheza. Kisha akachukua jembe akaenda shamba, siku ya Jumapili! Wiki kadhaa hakukanyaga kanisani, nasi tukawa tunatembea kwa vidole ndani ya nyumba. Lakini hakumgusa mama. Jioni moja aliingia ghafla tukiwa tunacheza, mawe yakatuponyoka. Alitutazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

“Chezeni,” akasema, akatoka.

Hatukucheza. Ilichukua muda mrefu kumwamini. Wale wanawake walipokuja tena kuuliza, miaka imepita, mama hakujibu. Alituita sisi. “Waulizeni hawa,” akasema.

Yohana aliniwahi. “Baba anatusimulia hadithi,” akajibu.

Ndipo wakamchagua.

Siku hizi naishi Tunduma mjini, na kanisa letu lina vigae na vipaza sauti. Jumapili iliyopita tulichagua wazee. Wagombea walisimama mbele, suti zimenyooka, kila mmoja akajieleza. Mmoja alinena vizuri mno, vijana wakampigia miluzi kama wako uwanjani. Nilimtazama mkewe, safu ya tatu. Hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua leso. Nikamuuliza jirani yangu nani alikwenda nyumbani kwao kuuliza. “Kuuliza nini tena, mama?” akashangaa. Mikono ikapanda, mgombea yule akapita.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimeamua kwenda kumsalimu yule mama, mumewe akiwa kazini. Ila zamani walikwenda wawili, na mimi mpaka leo sijapata wa kufuatana naye.