Viatu Alivyovitunza Odeke

Pale mpakani Malaba, malori yanapopanga foleni kungoja karatasi zigongwe mhuri, Odeke wa Moding alishona viatu tangu ujana wake hadi mvi zikamtoka. Alikuwa mpole, lakini mletee kiatu chenye matope uone kama hutafukuzwa nacho. Viatu vya madereva, vya mawakala wa forodha, hata vya padri, vyote vilipita mikononi mwake. Mwenyewe alivaa akala za tairi, na watani wa sokoni hawakumwacha apumue: fundi gani huyu asiye na viatu?

Mwaka 1971 dereva Kariuki, mteja wake wa siku nyingi, alirudi kutoka Mombasa na viatu vyeusi vyenye soli nene ajabu. Odeke alikiinua kimoja akashangaa kilivyo chepesi. Akaibonyeza soli kwa kidole gumba. Ikabonyea, ikarudi.

"Hii ni raba gani?"

"Si raba, mzee. Inaitwa poliyurethani. Ni dawa mbili wanachanganya, wanamwaga kwa kalibu, inafura kama mandazi. Hakuna msumari, hakuna uzi."

Fundi mwingine angeiogopa kazi isiyotaka uzi. Odeke aliipenda papo hapo. Akamwagiza Kariuki jozi kama hiyo, na ilipofika hakuivaa. Binti yake wa pekee, Benedetta, alikuwa bado shuleni, lakini baba alikwisha amua: siku ya kumpeleka kanisani atavaa hivi, na watani watafunga midomo yao.

Mkewe Roselyn alivifunga kwa nailoni akavitia kwenye sanduku la bati, kando ya ukuta wa udongo, mahali ambapo masika hata chumvi hulowa. Kila Krismasi Odeke alivitoa, akaing'arisha ngozi, akavirudisha. Kariuki alivaa vyake kila siku, kwenye vumbi na mafuta ya lori, na Odeke alimhurumia kwa jinsi alivyoharibu mali. Hakujua, na pale mpakani hakuna aliyejua, kwamba soli ya namna ile huliwa polepole na unyevu, na kwamba kuifungia mahali penye joto na unyevu ndiko kuimaliza.

Harusi ikafika, Desemba ya 1978, katika kanisa la Amukura. Odeke alivaa suti ya kuazima na viatu vyake. Nyumbani kwake, kabla ya kutoka, watani walivitazama wakanyamaza, naye akatembea huku na huko bila sababu ili wavitazame tena.

Aliposhuka kwenye pikapu mbele ya kanisa, kisigino kilibonyea, hakikurudi. Akapiga hatua, kitu kikameguka. Alipogeuka aliona mabonge meusi kwenye nyasi, kama ukoko wa ugali. Akajaribu kukanyaga taratibu, ikawa vilevile. Hadi anafika mlangoni soli zote mbili zilikuwa zimekwisha. Juu, ngozi iling'aa kama kioo. Chini, nyayo zake zilikanyaga saruji baridi.

Kwaya ilikuwa imeanza. Odeke aliona aibu. Maisha yake yote amewavisha watu viatu, na siku moja tu aliyoitaka kwa ajili yake ndiyo hii. Akaanza kurudi nyuma.

"Baba, unaenda wapi?" Benedetta, aliyeshuka naye kwenye pikapu, akamshika mkono.

"Muite mjomba wako Omoding, akuingize yeye. Mimi siwezi kuingia hivi mbele ya watu."

Benedetta alitazama chini. Odeke alingoja acheke, kwa maana hata yeye angecheka kama ingekuwa miguu ya mtu mwingine. Hakucheka.

"Si ungevivaa tu, Baba," alisema kwa upole. "Miaka yote hiyo tungekuona navyo."

Benedetta akasogea hadi mabega yao yakagusana, akalivuta gauni lake refu upande mmoja, likafunika miguu ya baba yake.

"Twende polepole," akasema, "nisikukanyage."

Wakaingia.