Sauti Iliyokaa Kwenye Kivinjari

Wateja walimwita Mama Miwani, na jina likamkaa. Chumba chake cha michezo kilikuwa na viti vinne vya kuzunguka, feni yenye kelele, na miwani tatu za kumwingiza mtu katika dunia ya kubuni.

Mteja mgeni akiuliza acheze nini, hotuba ilikuwa tayari. Programu za kusakinisha, alisema, zina picha safi na hazijali mtandao ukikatika, lakini zina ulafi: unasubiri zipakuliwe, zinajaza nafasi, kesho zinataka kuboreshwa. Mchezo wa kwenye kivinjari unagusa, unaingia, basi. Aliipigia debe michezo hiyo mpaka watu wakamtania kwamba ameolewa nayo. Hawakukosea sana, maana mtengenezaji alikuwa mumewe.

Mchezo mmoja alimtengenezea yeye peke yake: chumba chenye dirisha, na matofali ya rangi ya kupanga. Mnara ukisimama, sauti ya mume husema, "Umeweza, mpenzi. Panga tena." Tangu amzike, kila asubuhi kabla ya kufungulia wateja alivaa miwani, akapanga, akasikia, akalia kidogo, kisha akafuta macho na vioo kwa kitambaa kimoja. Kompyuta ya marehemu ilikufa kabla ya mwenyewe. Sauti ile haikubaki mahali pengine popote.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimwambia mapema. "Shemeji, tuutoe huo mchezo kwenye tovuti, tuufanye programu ya kusakinisha. Huko uliko ni kwa watu."

"Kwa watu wapi? Si huu hapa?" Akamwonyesha picha ndogo ya mchezo ndani ya miwani, imejipanga na za programu nyingine, huwezi kuzitofautisha. "Nauona kila siku. Tena usiguse miwani yangu!"

Shemeji akanywea. Mjane huyo akikaza shingo, humwambii kitu.

Asubuhi moja akagusa ile picha, ukaja ukurasa mweupe. Akazima, akawasha. Akabadili miwani. Mweupe vilevile. Akampigia shemeji, naye akaja mbio na kandambili, akapekua hadi jasho likamtoka.

"Waliokuwa wanahifadhi tovuti wamefunga, wamefuta kila kitu," alisema. "Humu mlikuwa na njia tu ya kuufikia, shemeji. Mchezo wenyewe ulikuwa kwao." Hakumkumbusha ya nyuma, na kwa hilo alikuwa muungwana.

Mama Miwani akajibwaga kitini. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti ndiyo aliyoitafuta kichwani, ikija na kupotea, na hofu ikamshika kuliko siku ya mazishi.

Shemeji alishindwa kumtazama. "Watu husema mimi na kaka sauti zetu ni moja," akasema taratibu. "Nikuambie mimi? Ume..."

Mama Miwani akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme, shemeji. Nakuomba. Ukisema wewe, ya kwake nitaisahau."