Visikizio vya Mama Ruth

Aminieli alijifunza redio jeshini, wakati wa vita vya Hitla. Aliporudi Meru alipata kazi ya ufundi katika duka moja mjini Arusha, na jioni alipanda basi kurudi kwenye migomba yake.

Mkewe Tabitha ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Kisha homa kali ikamharibu masikio. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia likabaki na uhai kidogo. Aliacha kwaya. Hata mferejini alikwenda kuteka maji wenzake wakishaondoka.

Aminieli akamtengenezea kisanduku cha kukuza sauti, chenye maikrofoni, valvu, betri na visikizio vya kuvaa masikioni. Alijua kwamba mlango ukibamizwa, kisanduku kitaukuza mshindo huo pia. Kwa hiyo kwenye waya za kwenda visikizioni alifunga daiodi mbili, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, moja ikielekea huku na nyingine kule. Volti zikipanda kupita kiasi, daiodi zilizipitisha pembeni, zisifike sikioni.

Siku ya kwanza Tabitha alimsikia binti yao Ruth akiita kuku, akalia kwa furaha. Jumapili alirudi kutoka kanisani amenuna.

"Baba Ruth, maneno nayasikia. Nyimbo ndizo zinaharibika. Kwaya ikipandisha, sauti zinakwaruza kama mtu anakwangua sufuria."

"Ni zile daiodi. Zinakata sauti kubwa zisikuumize."

"Basi zitoe. Nitajiangalia."

Ilikuwapo njia nyingine ya kuzuia nguvu ile taratibu bila kuukwaruza wimbo, na Aminieli aliijua, ila ilitaka vifaa na subira. Akazikata daiodi asubuhi, huku akiwahi basi.

Tabitha alirudi kwaya. Watu walisema sauti yake haijapungua kitu.

Ndipo shemeji yake, Philemoni, alipoleta mabati ya kuezekea jiko. Bati moja likamponyoka, likaanguka juu ya mawe, hatua chache kutoka Tabitha alipokaa akichambua maharage. Tabitha alipiga yowe, akang'oa visikizio. Sikio la kulia lilivuma siku kadhaa, kisha likanyamaza.

Aminieli alizirudisha daiodi.

"Unasikia, Mama Ruth?"

Tabitha alimtazama midomo. "Nasikia."

Aminieli akamwamini, kwa sababu alitaka sana kuamini. Hata jioni moja, Ruth akiimba huku anamenya ndizi, alimkuta mkewe amevaa visikizio, anatikisa kichwa taratibu na kutabasamu. Betri ilikuwa mfukoni mwa Aminieli. Aliichomoa asubuhi ili akanunue nyingine mjini, akasahau.

Alisimama mlangoni. Alitaka kumpigia magoti, lakini angemwombaje msamaha bila kumvunjia kile mkewe alichokuwa akikijenga kwa ajili yake?

"Mbona umesimama? Njoo ule," Tabitha alisema.

Akaja, akala. Kesho yake alinunua betri mpya, na miaka yote iliyofuata kila ilipokwisha aliibadilisha. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.