Safari ya Kumpeleka Kocha Amwone Nekesa, na Waliotuchelewesha

Niliondoka kwangu Weston, huku Kanada, Jumamosi ile kwa sababu moja tu: Nekesa aonekane. Nyinyi wa Bungoma mmenisikia kwenye simu nikilia juu ya jambo hili. Nekesa ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi, ana miaka kumi na saba, na ni mrefu hata akiingia jikoni kwangu anainama kama anaingia banda la kuku. Anacheza mpira wa kikapu, na anaujua. Lakini makocha wa vyuo huenda kwenye shule za wenye nacho. Shule yake hata njia hawaijui. Na bila chuo kumchukua kwa ajili ya mpira, chuo kwetu sisi ni kitu cha kutazama kwenye picha.

Mimi nasafisha vyumba katika hoteli karibu na uwanja wa ndege. Shule niliachia darasa la sita, na aliyeniachisha ni Baba Mkubwa Barnaba. Namtaja kwa sababu yu hai na atasomewa haya. Nimenusurika kwake. Nimenusurika kwa Patrobasi, mume aliyenileta Kanada akanitoroka kabla theluji ya kwanza haijayeyuka. Nimenusurika ugonjwa wa titi. Mtu kama mimi haya zimeshamwisha. Kwa hiyo nilipoingia chumba fulani kubadilisha mashuka, nikamkuta mama mfupi mwenye filimbi shingoni, akaniambia ni kocha wa chuo kidogo cha huko mashariki na anatafuta wasichana ambao wenzake hawajawaona, nilimjibu palepale.

"Ninaye mmoja. Ana mechi Jumamosi, Richmond Hill."

Kocha Marta akasema ndege yake ni jioni ileile, lakini atakuja. Hakuwa na siku nyingine.

Asubuhi, Weston. Mzee wa kanisa Shem alikuja na vani yake. Nekesa akakunja magoti kiti cha nyuma, kocha akakaa kando yake, wakaanza kupiga soga za mpira kwa Kiingereza. Mambo yalikuwa mazuri. Tungenyoosha njia moja kwa moja, tungefika hata kabla ya mlango kufunguliwa. Lakini Shem, huyo ndiye mkosaji wa kwanza, akapunguza mwendo.

"Dada Roda, Barnaba ameambiwa?"

"Aambiwe nini? Ni mpira, Shem, si posa."

"Mtu ametoka mbali kuja kuuliza binti. Kwenu hilo linaitwaje?"

Akakata kona kuelekea Thorncliffe Park, kwenye jengo la ghorofa anakokaa Barnaba. Kumbe alikuwa amempigia mzee simu tangu usiku.

Thorncliffe Park. Lifti ilikuwa moja inayofanya kazi, na foleni yake ilikuwa na mikokoteni ya watoto, magunia ya vitunguu, na godoro. Tulipofika juu tukamkuta Baba Mkubwa Barnaba amevaa suti, ameketi katikati ya wazee wanne, harufu ya kuku imejaa mpaka koridoni. Mkewe, Anti Rispa, alimshika Nekesa mkono akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Mmekuja wangapi?" Barnaba akauliza.

Nikamtafsiria kocha. "Peke yangu," akajibu.

"Peke yake? Hana watu?" Wazee wakaguna. "Hatuzungumzi na mtu asiye na watu."

Shem akaninong'oneza, "Hama upande, tusikae hapa mpaka jioni."

Nikainuka na kiti changu, nikavuka zulia, nikakaa kando ya kocha. Nikawa watu wake.

"Wageni, karibuni," Barnaba akasema, akinitazama kana kwamba tumeonana kituo cha basi. "Mnatoka wapi?"

"Baba mkubwa, ni mimi Roda!"

"Leo sikufahamu, mama. Eleza shida yako."

Nikaeleza. Chuo, mpira, masomo ya bure. Akauliza huko chuoni nani atakuwa mama yake, kuna kanisa, na wanakula nini. Kocha akajibu yote vizuri. Kisha chakula kikaletwa, na hapo ndipo tulipozama. Firigisi. Mnajua kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima. Mzee mmoja akasema mgeni ndiye mwenye heshima, apewe. Mwingine akasema mwanamke hajawahi kula firigisi mbele yake na hataanza leo. Wakabishana wakatafuta mpaka kwenye Biblia. Firigisi ikapoa. Kocha akaniuliza kinachoendelea, nikamweleza, naye akasema kwa upole kwamba hali nyama.

"Hali nyama?" Barnaba akashika kichwa. "Na ndio watu wanaotaka kulisha mtoto wetu?"

Nilitazama saa ukutani. Wenzake Nekesa walikuwa tayari wanapasha misuli.

Halafu Anti Rispa, mkosaji wa tatu, akafungua mlango wa chumba. Kuna desturi aliiona kwenye harusi za Wakikuyu kanisani ikampendeza. Wakatoka watu watatu wamefunikwa leso kutoka kichwani, na kocha akaambiwa amchague binti aliyemjia. Jamani! Kocha alikuwa ameketi naye garini kutoka Weston! Mmoja alikuwa mfupi, wa pili mfupi, na wa tatu alikuwa amechuchumaa lakini bado anawazidi, na viatu vyake vya mpira vimechungulia kama mitumbwi miwili.

Kocha aliona kuchagua haraka ni kukosa adabu. Akazunguka, akafikiri, akamgusa wa kwanza. Alikuwa Mama Sifa wa ghorofa ya chini, bibi wa wajukuu sita. Vigelegele! Adhabu ya kukosea ni kucheza ngoma. Kocha akacheza. Nami nikacheza, kwa kuwa mimi ndio watu wake, huku machozi ya hasira yananitoka. Chini ya leso sauti ya Nekesa ikasema kwa Kiingereza, "Anti, nina mechi."

Richmond Hill. Tulifika mchezo umeanza zamani, tukiwa na Barnaba na Rispa pia, maana walikataa kubaki. Mwalimu wa timu ya Nekesa hakupiga kelele. Alimwonyesha benchi tu. Anayechelewa hachezi, na sheria yake haina shangazi.

Nikakaa pale nikihesabu wakosaji kwa vidole: Shem, Barnaba, Rispa. Nikimaliza naanza tena. Barnaba aliniuliza mbona mtoto hachezi. Nikarudi kwenye vidole vyangu, la sivyo ningefukuzwa ukumbini.

Ila niligundua kocha hatazami mpira. Anatazama benchi. Nekesa hakuwa amenuna. Alikuwa amesimama, anawaelekeza wenzake kwa mkono: wewe rudi, wewe ziba pale, huyo atapitia kushoto. Na kweli, adui akapitia kushoto, akanyang'anywa. Ikatokea tena. Wale wadogo uwanjani wakaanza kumgeukia yeye kabla ya kumgeukia mwalimu wao.

Mchezo ulipokwisha, kocha akamwomba mwalimu dakika chache. Nekesa akarusha mipira huku mtu wa usafi anasukuma fagio kumzunguka. Mingi iliingia. Michache ikagonga chuma, na Rispa akaipigia vigelegele yote bila kubagua.

"Siahidi kitu," kocha akaniambia. "Lakini mlete chuoni Machi, acheze na wasichana wangu. Nimeona anavyouona mchezo. Hilo silifundishi."

Jioni, kurudi. Tulimshusha kocha uwanja wa ndege akiwa na mfuko wa chapati alizofungiwa na Rispa. Alikumbatia kila mtu, hata Shem. Nekesa alikuwa amelala kwenye bega langu, mdomo wazi, miguu imefika kiti cha dereva.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto akitakiwa na watu, msipite njia yenye ndugu. Na mkipita, basi mtoto wenu awe na akili ya kukaa benchi.

Tulipokaribia Thorncliffe, Barnaba akakohoa kama anafungua baraza.

"Machi tutakwenda kurudisha ziara. Mimi mbele, wazee wanne, Rispa na kuku wake. Shem ataendesha."

Nikamtazama kwenye kioo. Mtu aliyenitoa darasa la sita.

"Baba mkubwa," nikasema, "Machi gari limejaa."

"Limejaa nani?"

"Mimi na Nekesa."