Majina Yenye Radio Ilikatala

Mi naitwa Kanyere, nauzishaka maharagi na viazi ya Kipese ku soko hapa Butembo. Kama unataka mutu wa kukuelezea habari ya mudogo wangu Précieux kwa sauti ya polepole, enda kwa mwingine. Mi nikianza ile habari, damu inapanda. Donc kaa, sikiliza, na usiniambie ati mama, tuliza roho. Nilishatuliza roho miaka mingi, haikunisaidia kitu.

Précieux alizaliwa Kipese, kule juu ku baridi, na kwa jembe alikuwa wa bure kabisa. Baba yetu alikuwa anasema: "Huyu mutoto, majani yenyewe yanamucheka." Mais sikio alikuwa nayo! Alikuwa anatundika radio ya baba ku muti wa avoka pembeni ya shamba, analima kidogo, anasimama kusikia, analima kidogo tena. Wakati mi nilishuka Butembo juu ya biashara, nilimubeba. Akamaliza masomo, akaingia ku radio moja yenye iko juu ya duka, karibu na soko yetu, kama volontaire. Volontaire maana yake mutu anatumika na banamulipa aksanti.

Telefone yake ya kwanza ya maana ilikuwa ya occasion, zile zenye bafanyabiashara banaletaka kutoka Ulaya. Batu bengine bakinunua telefone ya vile, kitu ya kwanza banafuta bintu yote ya mwenyewe wa zamani. Précieux, hapana. Alifungua ile carte mémoire, akakuta ndani miziki mingi, yote ya Kifaransa, ya mutu hatumujue hata jina. Yule mutu alikuwa na sikio, Mungu amubariki fasi yote aiko. Kulikuwa rap ya kijana wa Marseille, anasema mbio sawa mwizi anatafuta kujitetea. Kulikuwa zouk ya mama wa Guadeloupe. Kulikuwa rock ya Québec, yenye Kifaransa yao unasema mutu ana kiazi ya moto mu kinywa. Kulikuwa slam ya kijana wa Ouagadougou, haimbe, anasema tu, na ngoma moja chini yake.

Mi nilikuwa najua Kifaransa ni lugha ya shule na ya bureau, lugha ya askari mwenye anakuuliza carte ku barrière. Sikujua kama kuko batu banalia na banacheka ndani yake. Précieux njo alinifungua masikio.

Akaomba émission, bakamupa. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, mangaribi, mwimbaji moja: anapiga muziki, halafu anaeleza mu Swahili yetu huyu ni nani, anatoka wapi, anasema nini. Ku soko bamama balianza kufunga meza huku radio iko wazi. Mama Victoire, jirani yangu wa makayabu, samaki ya chumvi, alipenda yule wa rap kupita kiasi. Alikuwa anasema: "Huyu mutoto ana njaa, ninyi hamusikie? Mumuletee samaki." Tulikuwa tunamucheka mupaka machozi.

Halafu kukaja Solène. Mwanamuke wa Ubelgiji, wa kijiji moja ya makaa ya mawe, na accordéon yake. Muziki yake haikukuwa na bintu mingi. Zamani mu kijiji yao udongo uliangukia bafanyakazi chini ya ardhi, na gazeti ikaandika hesabu yao tu. Yeye akaenda kuuliza bazee, nyumba kwa nyumba, akatafuta majina. Mu muziki anataja tu: jina ya mutu, na kitu yenye alikuwa anapenda. Huyu alikuwa anafuga njiwa. Huyu alikuwa anaimba vibaya ku misa. Basi. Wakati Précieux alitueleza ile, bamama balisahau kufunga meza. Batu bakaanza kuomba Solène kila siku ya posho. Hata papa Ésaïe, président wa comité ya radio, aliomba siku ya sikukuu yake. Alisema ku micro, na masikio yangu ilisikia: "Huu muziki una heshima." Hiyo neno, uiweke pembeni, tutaitafuta tena.

Kulikuwa binti moja, Bénite, anakaa Beni, mu Mulekera. Alikuwa anakuya kwangu kuchukua maharagi, aende auzishe kule. Mutoto wa maneno kidogo. Siku moja alikuwa amesimama na gunia yake, tunangojea motari aifunge ku pikipiki yake, radio ikapiga Solène. Bénite akaniuliza:

"Mama Kanyere, hawa balikufa ni batu ya nani?"

"Ni bazungu, mwana. Ba zamani."

"Na anabataja bote?"

"Bote."

Akaachilia gunia, akaikalia. Njo nikajua habari yake, juu alinielezea pale pale, mbele ya motari. Kwao ni upande wa Eringeti. Baba yake, Mathe, alikuwa mulimaji wa kakao. Bauaji balikuya asubuhi, batu bako mu mashamba. Bénite na mama yake balikimbia na nguo ya ku mwili. Bale balibaki baliuawa, Mathe pamoja nabo, na batu bengine balibazika mu shimo moja, mbio mbio, juu ya woga. Mangaribi radio zote zilisema: raia kadhaa. Kisha mupira. Kisha hali ya hewa.

Sasa wewe mugeni unaweza kuniuliza: na kilio? Kwetu mutu akikufa, familia inaleta communiqué ku radio. Banasoma: familia ya fulani ina huzuni kutangaza kifo ya fulani. Banataja bandugu bote, na ku mwisho banasema: kilio iko kwa fulani, avenue fulani. Hata kama uko na moto chini ya sufuria, unasimama. Kama ulikuwa na ugomvi na ule marehemu, unaenda. Unakaa chini na bengine, unalia, unaimba, unakula yenye iko. Mathe hakupata ile. Bale ba shimo, hata moja hakupata. Batu banakimbia, nani ataleta communiqué? Batasema kilio iko wapi, mu pori?

Bénite akaenda na maharagi yake. Wakati alirudi, alirudi na slam. Alikuwa anaitengeneza mu kichwa, mu njia ya Beni, Kifaransa na Swahili pamoja, sawa yule wa Ouagadougou, na majina sawa Solène. Lusenge, jirani, mwenye kupiga muruzi hata mu mvua. Agar, mwenye kugombana na mbuzi yake sawa mutu na bwana yake. Bengine, bengine. Na ku mwisho Mathe, mwenye kusahau kofia kila fasi. Baba yake alimuweka wa mwisho juu ya adabu, hauwezi kuanzisha na wako. Précieux alimuenregistrer sauti mu studio, akatoka na macho nyekundu. Akaniambia, mi dada yake mukubwa: "Yaya, miaka yote natafuta baimbaji mbali. Kumbe bako hapa, banabeba maharagi."

Kisha kukaangukia ile wiki mbaya, mauaji tena, na ville morte ikatangazwa: maduka yote inafungwa, motari zinalala, muji kimya. Siku kama ile radio inapigaka miziki ya kilio peke. Précieux akasema njo siku ya Bénite. Akapelekea comité basikie kwanza.

Mi nilikuwa pale, nilimuletea chakula. Papa Ésaïe alisikia mupaka mwisho, akatikisa kichwa polepole. Akasema:

"Mutoto anajua kusema. Mais haya majina, toa."

Précieux akamujibu kwa heshima: "Papa Président, na ile ya Solène? Iko na majina tupu."

"Ile ni ya Ulaya. Ni culture. Hii ni politiki. Kesho ba serikali batakuya kufunga radio. Aseme batu balikufa, aseme ni bengi. Hesabu inatosha."

Hesabu inatosha! Nyamuhanga, Mungu wetu! Sahani iliniponyoka mu mikono. Nikamwambia: "Papa Ésaïe, maharagi njo banahesabu! Baba yako, wakati mulimuzika, mulimusomea jina ao namba?"

"Mama, hapa ni réunion ya comité."

"Na mi ni réunion ya soko!"

Bakanitosha inje. Sikatae, nilipiga kelele. Mwenye kushiba hajuake mwenye njaa, na mwenye kuzika bake vizuri hajuake mwenye hakuzika.

Ngoja, haijaisha. Siku ya ville morte yenyewe tuko mu nyumba, milango yote imefungwa, nafungua radio. Unajua balipiga nini? Solène! Asubuhi Solène, mangaribi Solène. Batu ya Beni banakufa, Butembo inabalilia, na radio yetu inataja njiwa ya muzungu wa zamani. Simuchukie Solène, hapana, yeye alifanya kazi yake, na mi namupenda mupaka leo. Mais siku ile nilitaka kutupa radio mu choo. Bazungu balikufa chini ya udongo, ni culture. Sisi tunakufa juu ya udongo wetu, ni politiki! Heshima iko wapi? Si alisema iko na heshima?

Précieux alikuwa ku micro siku ile. Muziki ilipoisha akasema neno moja: "Mulisikia batu benye bana majina." Basi. Ile tu. Papa Ésaïe akamunyanganya émission. Na juu ya kumuaibisha, akamupa kazi yenye hakuna kijana anataka: kusoma macommuniqué ya kifo, kila siku saa sita.

Njo kosa yake, yule muzee. Alifikiri anamutia mu shimo, kumbe anamupa mulango. Bénite alisikia, akaomba bic yangu. Akakaa ku gunia, akaandika: Familia ya Mathe, zamani ya Eringeti, sasa ya Mulekera, ina huzuni kutangaza. Akafuatisha majina yote ya slam yake, Mathe ku mwisho. Juu communiqué ya kifo, mama yangu, hakuna radio inakatalaka. Hata ya mwizi banasoma. Hata ya mulozi. Alifika ku mwisho, akasimamisha bic.

"Mama Kanyere, fasi ya kilio, niandike nini?"

Akaacha ile mustari wazi.

Kesho yake saa sita radio ziko wazi meza kwa meza. Précieux akaanza. Hakusoma mbio sawa banavyosomaka. Alisoma polepole, anaacha kila jina itembee. Lusenge, mwenye kupiga muruzi. Agar, mwenye kugombana na mbuzi yake. Batu balianza kuinua vichwa. Mwenye kupima sukari alishika kikombe mu hewa. Mutu moja akasema, "Yule Lusenge, si alikuwa shemeji ya..." na mwingine akamunyamazisha. Bénite alikuwa pembeni yangu, midomo yake inatembea pamoja na Précieux. Anangojea wa mwisho.

Na hapo radio zote zikakufa pamoja.

Halafu kwaya ikaingia, na makofi, na vinanda, furaha tupu, unasema ni harusi. Papa Ésaïe alimukata! Ku jina moja yenye ilibaki, alimukata! Ningekuwa na mbawa ningekuwa mu ile bureau. Nilipanda juu ya kreti, nikalalamika mupaka sauti ikapasuka: "Hamujasikia wa mwisho! Ngojeni! Hamujasikia wa mwisho!" Bapita njia balinicheka, balisema mama wa maharagi amerukwa. Bacheke.

Précieux njo alikuya, kwa miguu, kutoka kule juu. Badge ya radio hakuna tena ku shingo. Karatasi mu mukono. Alipita katikati ya meza, batu banamuachia njia. Akaniambia: "Yaya, shuka kidogo, nimalizie." Nikashuka. Akapanda yeye, bila micro, na ile sauti yenye tulizoea kusikia mu sanduku:

"Mathe, mulimaji wa kakao, baba ya Bénite, mwenye kusahau kofia kila fasi."

Halafu akafika ku ile mustari ya mwisho, yenye ilikuwa wazi. Akaangalia karatasi. Akaangalia sisi.

Mama Victoire akafunga radio yake. Akapangusa mikono ku kitenge, akauliza, sawa mutu yeyote wa kwetu anavyoulizaka akisikia kifo:

"Kilio iko wapi?"

Bénite aliangalia chini, kisha akaangalia meza zetu, moja moja.

"Iko hapa," akasema.

Mama Victoire akafunika makayabu yake. Mi nikafunika maharagi. Tukakaa chini.