Jina Lililokuwa na Mwenyewe

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona umeinamia simu, unachora vibonzo vyako na kutia lile jina lako la bandia.

Mimi pia nilichora. Nilikuwa karani kijana hapa Isiolo, na mwalimu mmoja aliniazima jarida kuukuu la Waingereza, la enzi za malkia wao wa zamani. Wachoraji wa vichekesho humo walificha majina yao. Nikaona raha iliyoje, kuwacheka watu bila kuonekana! Kwa kuwa nilizoea kufumba jicho moja nikipima sura ya mtu, nikajiita Chongo.

Mchoro wa kwanza niliubandika kwenye mnada wa mifugo: muuza nyama mmoja, tumbo mbele, akinadi mbuzi wa mifupa mitupu. Watu walicheka hadi machozi. Nami nikacheka nao, mjinga mimi.

Sikumfikiria Abdi, fundi wa kuandika mabango ya maduka kule Bulla Pesa. Abdi alikuwa na jicho moja, chongo wa kweli. Yule muuza nyama, akidhani Abdi ndiye aliyemchora, alilifuta mbele ya watu bango la duka lake lililoandikwa na Abdi, na wenye maduka wengine wakaacha kumpa kazi. Nikanyamaza.

Abdi akanijia ofisini. Alitoa salaam aleikum, akakataa kiti.

"Hiyo mkono naijua, ni yako," akasema polepole. "Wewe umejificha nyuma ya jina. Mimi nitajificha wapi na hii jicho?"

Nikamwomba msamaha, nikaahidi kusema ukweli siku ya mnada. Siku ikafika, nikaogopa kufukuzwa kazi. Nikasema mnada ujao. Kabla haujafika, Abdi alifunga brashi zake akaenda Leparua kuchunga mbuzi wa shemeji yake, na hakuandika bango tena. Husemwa ngoja ngoja huumiza matumbo; yangu ililiumiza tumbo la mwenzangu.

Nilikuja kukiri Abdi akiwa ameshazikwa. Naona aibu hadi leo.

Jina la bandia si dhambi, mwanangu. Ila kabla hujalivaa, uliza kama halina mwenyewe. Na lawama ikimwangukia mwingine, itika siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kuchora, na akupe mdomo usiosubiri mnada ujao.